Aplikesheni inaona motari ndani ya Ziwa Kivu: vile tunatafuta kosa la lokesheni mu simu za watu

Wandugu, kama unatengeneza aplikesheni ya lokesheni na watumiaji wako wako hapa Goma, siku moja simu italia na mtu atakuambia "Grand, hii aplikesheni yenu inasema niko mu ziwa". Miye ilinikuta asubuhi mapema, mswaki bado mdomoni. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya kubeba watu, alikuwa Himbi, kartiye ya hapa Goma, kando ya barabara, pikipiki imesimama kabisa anangoja kliyenti, na ku ekrani yetu nukta yake inaogelea ndani ya Kivu, mbali na nchi kavu. Nikafungua laptop nikaanza kubadilisha programu, siku mbili nzima, na programu haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa mu setingi ya simu yake, na mimi sikuwahi kuwaza kwamba simu inaweza kuwekwa vile.

Aplikesheni yetu ni ya kawaida, kliyenti anaita motari, motari wa karibu anapata kazi. Simu za wamotari ndio shida, hakuna mbili zinazofanana: moja iko kwa Kifaransa ingine kwa Kiingereza, moja inatumia laini ya Rwanda, ingine batri yake imechoka inaishi mu hali ya kuokoa umeme tangu inunuliwe. Kwa hiyo naandika hapa dalili moja moja vile tulizipata, na chanzo chake, ili usipoteze zile siku mbili zangu.

Kwanza kabisa, ifanye simu ijieleze

Kabla ya dalili yoyote, fanya hivi. Kila mara aplikesheni inatuma nukta ku serveri, itume pia hali ya simu, mstari mmoja tu. Wa kwetu unakaa hivi:

ruhusa=wakati_wa_kutumia, aina=takribani, mita=2000, umri_sek=4, chanzo=fused, okoa_batri=ndiyo, lugha=fr_CD, saa=Africa/Lubumbashi, android=12

Huu ni wa yule motari wa Himbi, nilikuja kuupata baadaye. Uangalie vizuri, jibu lote liko pale, ungekuwepo tangu siku ya kwanza ningemaliza kabla chai haijapoa. Bila huo mstari unabaki kumuuliza mtu ku simu "papa, lokesheni umeiweka aje?" naye anakujibu "iko, nimeiwasha", na kweli ameiwasha, hakudanganyi, lakini kuwasha ni kitu kimoja na kuruhusu ni kitu kingine, na hata kuruhusu kwenyewe kuko na ngazi.

"Niko barabarani, nyinyi mnaniona mu ziwa"

Angalia ile namba ya mita, yaani usahihi ambao simu yenyewe inakubali kuwa nao. Kama ni 10 au 20, ni satelaiti, endelea kutafuta pengine. Kama ni 2000, basi mtu alikupa lokesheni ya takribani tu. Tangu Android 12, iliyotoka 2021, dirisha la ruhusa linaleta picha mbili, mu simu za Kifaransa imeandikwa "Exacte" na "Approximative", na akichagua ya pili mfumo unaivuruga nukta kwa makusudi, unakuweka popote mu eneo la kilomita za mraba 3 hivi. Sio kosa la GPS, ni mwenye simu amesema sitaki mnijue hivyo. Upande wa iPhone ni kitu kile kile tangu iOS 14 ya 2020, kuna kitufe cha lokesheni kamili na mtu anaweza kukizima.

Sasa Himbi na Kyeshero ziko pembeni ya maji. Ukivuruga nukta ya mtu wa Himbi, sehemu kubwa ya lile eneo ni ziwa, donc anaonekana anaogelea na kila mtu anacheka. Wa Majengo ukimvuruga kiasi kile kile anatokea tu mu kartiye ingine, hakuna anayeshtuka, anapewa kazi ya mbali na anafikiri ni sisi tunampendelea mwingine. Tulipoanza kusoma ile mistari tuliona wamotari wengi walikuwa vile tangu mwanzo, ziwa njo lilitufungua macho.

Dalili ingine ya takribani: mtu anatembea dakika tano nukta haihami, kisha ghafla inaruka mtaa mzima. Ukiona vile usihangaike na programu ya ramani.

Dawa. Omba ACCESS_FINE_LOCATION (ruhusa ya kamili) na ACCESS_COARSE_LOCATION (ya takribani) pamoja, mu ombi moja, juu ukiomba FINE peke yake ku Android 12 mfumo unaweza kukupuuza tu bila kuonyesha dirisha. Usiombe mtu anapofungua aplikesheni mara ya kwanza, hajui hata wewe ni nani. Sisi tunaomba ile kamili pale motari anabonyeza "Nimekubali kazi", na maneno mawili juu yake: kliyenti anataka kukuona unakuja. Pale wengi wanakubali, sababu wanaiona kwa macho. Na akikataa usimsumbue, tangu Android 11 mtu akikataa mara mbili mfumo unafunga mlango, dirisha halirudi tena, itabidi aende mwenyewe mu setingi, na nani anaenda kule. Kwa mwenye takribani tunachora duara kubwa ku ramani badala ya nukta, tunaandika "yuko upande wa Himbi", na kusema kweli kwa kutafuta motari wa karibu inatosha kabisa.

Kabla sijaacha hii dalili: kama mita ni kama 30 lakini mtu yuko Goma na nukta iko Bukavu, ulizia router ya wifi. Simu inajua mahali pia kwa kusikia wifi za jirani, na mtu akihama na router yake, kwa muda mifumo inaamini bado iko kule ilikotoka. Ilitupata mara moja, tukamwambia azime wifi atoke nje, ikarudi yenyewe.

"Wote wamejipanga ku nukta moja porini"

Hii njo naipenda kuliko zote, na njo ilinitia aibu zaidi.

Tulianza na simu zetu wenyewe, mimi natumia simu kwa Kiingereza, kila kitu sawa. Tukawapa wamotari kumi wa kwanza. Saba kati yao wakaonekana mu sehemu moja, nukta juu ya nukta, porini kilomita kama 79 kaskazini ya mji, hakuna aliyewahi kufika kule na pikipiki. Watatu waliobaki walikuwa vizuri, mmoja Ndosho, mmoja Birere, mmoja rond-point Signers. Tukawaza rezo, yaani mtandao wa simu, tukawaza mtu anatuchezea, tukawaza hata ile hewa ya Nyiragongo, nakuapia kuna mtu bironi alisema volkano.

Ilikuwa mkato. Virgule.

Kwa Kifaransa namba inaandikwa 1,67 na kwa Kiingereza 1.67. Mu programu tulikuwa tumeandika String.format("%.6f", latitude), na hiyo inafuata lugha ya simu. Simu ya Kiingereza inatuma -1.674100, simu ya fr_CD, yaani Kifaransa cha Kongo, inatuma -1,674100. Ku serveri tulikuwa na JavaScript, na parseFloat ikifika ku mkato inasimama pale pale, inachukua -1 inatupa yanayobaki, haisemi kitu. Upande wa longitudo 29,228400 inakuwa 29. Basi kila mtu wa Goma mwenye simu ya Kifaransa anakuwa ku -1, 29, wote pamoja, kama wako mu mkutano. Tungekuwa na Python ku serveri, float ingepiga kelele ValueError na tungejua siku ile ile, hii ya kunyamaza njo inaua.

Ukiwa Lubumbashi ujue kwako itaonekana tofauti, kule ni -11,66 na 27,48, ukikata unabaki na -11 na 27, hiyo ni mashariki ya Likasi, mtu anaweza hata kuamini kuwa kweli motari amesafiri. Bukavu itakutupa ku -2, 28, magharibi mu misitu. Kwa hiyo kipimo cha haraka: ukiona nukta ziko na namba nzima bila chochote nyuma, sifuri tupu, usitafute mbali, ni mkato.

Dawa ni fupi: String.format(Locale.ROOT, "%.6f", latitude), au tuma namba kama namba ndani ya JSON usiigeuze maandishi kabisa, hiyo njo bora. Mu Dart, lugha ingine ya programu, toString ya double haina shida, shida inaanza ukitumia NumberFormat, ile inafuata lugha. Na usikimbilie kulazimisha aplikesheni yote iwe ya Kiingereza, nimeona mtu akifanya hivyo, akaponya serveri akaharibu bei ku ekrani, mama anayeuza samaki anataka kusoma 2,5 kilo vile amezoea. Lugha ya mtu ni kwa macho yake, lugha ya serveri ni kwa serveri. Kinyume chake pia kipo: kama uko na kisanduku ambacho mtu anaandika namba mwenyewe, ataandika 2,5 na toDouble itaanguka, kubali vyote viwili.

"Inazunguka tu, haileti kitu"

Hapa sababu ni nyingi na zinafanana kwa macho, duara linazunguka ku ekrani mpaka mtu anafunga.

Ya kwanza, getLastLocation imerudisha null. Watu wengi wanadhani ile kazi inatafuta mahali, hapana, inakupa tu nukta ya mwisho ambayo simu inakumbuka, na kama lokesheni ilizimwa kumbukumbu ilifutwa, au simu ni mpya haijawahi kutafuta, inakupa null na iko na haki. Usingoje, omba nukta mpya. Na kabla ya kuomba pitisha checkLocationSettings, kama lokesheni imezimwa inakupa kile kidirisha cha kuiwasha palepale bila mtu kutoka mu aplikesheni, ni mistari michache na inaokoa simu nyingi za "haiendi haiendi".

Ya pili ni mega, yaani bando ya data. Hii ni ya kwetu kabisa. Mtu ananunua mega kidogo kidogo, anazima data akimaliza ku WhatsApp, anaiwasha tu kliyenti akikaribia. GPS haihitaji data, ni kweli, lakini bila data simu inakosa ule msaada wa kujua satelaiti ziko wapi, inabidi isikilize satelaiti zenyewe, na kila satelaiti inachukua sekunde 30 kukuambia njia yake, kama hujakosa hata neno moja, na unahitaji nne ndipo upate mahali. Orodha nzima ya satelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Sasa weka mtu huyo ndani ya nyumba chini ya mabati, anasikia robo ya maneno, anarudia mwanzo, anarudia mwanzo. Sisi tulikuwa tumeweka kikomo cha sekunde 15, simu ilikuwa inakatwa kila mara kabla haijamaliza na inaanza tena kutoka sifuri, yaani sisi wenyewe njo tulikuwa tunazuia. Tukaongeza hadi dakika mbili kwa mara ya kwanza na tukaandika ku ekrani "toka nje, simamisha simu ione mbingu". Maneno yale tu yalipunguza malalamiko kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika.

Ya tatu, simu haiko na huduma za Google. Simu za Huawei zilizotoka baada ya Mei 2019 nyingi ziko hivyo, na ukiwa umejenga kila kitu juu ya Fused, ile huduma ya lokesheni ya Google, hutapata kitu, rudi ku LocationManager ya Android yenyewe, ni ya zamani lakini inafanya kazi kila mahali.

"Ekrani ikizimika na miye napotea"

Saa 18:40 nukta ya motari inasimama Signers. Saa 19:25 iko bado Signers. Kliyenti yuko Ndosho amekasirika, na motari tayari yuko mbele yake anapiga honi. Simu ilikuwa mfukoni, ekrani imezimika, basi.

Ngazi ni hizi. Kuanzia Android 8 aplikesheni iliyo nyuma inapata nukta mara chache tu kwa saa. Kuanzia Android 10 kuna ruhusa ya pekee ya kutumia lokesheni nyuma. Kuanzia Android 11 huwezi kuiomba mu dirisha la kawaida, unampeleka mtu mu setingi achague mwenyewe "Toujours autoriser". Na wengi wao hawataichagua, mmoja aliniambia wazi: "Grand, nikiweka hiyo mtanifuata mpaka kwangu usiku?" Sikuwa na jibu zuri, juu kusema kweli programu yetu ya wakati ule ingemfuata mpaka kwake.

Dawa iliyotufaa ni kutotaka ile ruhusa kabisa. Motari akikubali kazi, ekrani ikiwa bado mbele yake, tunaanzisha huduma ya mbele, ile inayoweka tangazo juu ya ekrani lisiloondoka, "Uko kazini, kliyenti anakuona", na huduma iliyoanzishwa vile inaendelea kupata lokesheni hata simu ikiingia mfukoni, kwa ruhusa ile ya kawaida ya wakati wa kutumia. Kazi ikiisha huduma inakufa na tangazo linaondoka, motari anaona kwa macho kwamba hatumfuati tena. Usisahau mu manifest, ile faili inayoeleza aplikesheni kwa Android, kuandika foregroundServiceType="location", na ukilenga Android 14 uongeze ruhusa ya FOREGROUND_SERVICE_LOCATION, bila hiyo aplikesheni inaanguka mara tu huduma inaanza.

Umefanya hayo yote na bado inapotea? Batri. Umeme wetu mnaujua, mtu anachaji ku kibanda asubuhi na ile chaji lazima imfikishe jioni, kwa hiyo hali ya kuokoa batri haiwashwi siku moja moja, njo maisha. Simu nyingi mu hali hiyo zinazima lokesheni kabisa ekrani ikizimika. PowerManager iko na getLocationPowerSaveMode, tangu Android 9, inakuambia simu hii inafanya nini: inazima yote, inazima GPS peke yake, au inaacha aplikesheni ya mbele tu. Soma hiyo uiweke mu ule mstari wetu. Juu ya hapo simu nyingi za bei ya chini ziko na msafishaji wao wenyewe anayeua aplikesheni akiona zinakula batri, kila moja na menyu yake mahali pake, hakuna programu itakayokutolea pale, ni kukaa na motari dakika tano mkaiondoe aplikesheni mu orodha ya kuuawa. Tulifanya picha za ekrani kwa simu nne ambazo wamotari wetu wanazitumia zaidi, tunatuma ku WhatsApp.

Na punguza njaa yako. Nukta kila sekunde ya nini? Motari akiwa njiani sisi tunachukua kila sekunde 10, akiwa anangoja kila dakika 2 au akihama mita 50. Baada ya hapo wachache tu waliendelea kulalamika batri.

"Inanihesabia mu franka za Rwanda"

Goma na Gisenyi zimegusana, Birere unavuka barabara uko nchi ingine. Simu karibu ya Petite Barrière inashika antena za ng'ambo, na watu wengi hapa wako na laini mbili, ya +243 na ya +250. Developa wa mbali anaandika "tambua nchi kwa rezo" na anaenda kulala. Hapa unapata 635, namba ya rezo za Rwanda, kwa mtu aliyekaa kwake Birere anakula, badala ya 630 yetu, na bei inageuka.

Jua kila swali linajibu nini. getNetworkCountryIso inakuambia antena ya nani inakusikia sasa. getSimCountryIso inakuambia laini ilinunuliwa wapi. fr_CD inakuambia mtu amechagua lugha gani na nchi gani mu setingi, mara nyingi aliyechagua ni muuza simu. Anwani ya IP inakuambia mahali intaneti inatokea, na inaweza kusema Kinshasa au hata Ulaya. Hakuna hata moja inayokuambia mtu analipa na nini mfukoni.

Hata nukta kamili haitoshi hapa. Mpaka unapita kati ya nyumba, na ukiwa na usahihi wa mita 40 na mtu yuko mita 25 toka mstari, huwezi kuapa yuko upande gani. Tulikuwa na programu ya kuamua kwa poligoni, yaani mpaka uliochorwa ku ramani, tukaitoa. Tunamuuliza mtu mara moja, dola, franka zetu, au franka za Rwanda, tunaandika, hatugusi tena mpaka abadilishe mwenyewe. Pikipiki haivuki barrière hovyo, kwa hiyo kwa kazi yenyewe tunatumia mahali kliyenti alipobonyeza ku ramani.

"Niko hewani lakini mnasema nimepotea saa nzima"

Saa moja kamili, si dakika 50 si 70? Basi ni Kinshasa. Kinshasa iko UTC+1, saa moja mbele ya UTC, ile saa ya dunia nzima, sisi huku mashariki na watu wa Katanga tuko UTC+2. Mu setingi za simu unakuta Kinshasa mu orodha, mtu anaona nchi yake anachagua. Sisi tulikuwa tunatuma saa vile inavyosomeka ku simu, "14:20", bila kusema ni ya wapi, serveri inaona nukta ya saa nzima iliyopita, inaitupa juu tulisema nukta ya zaidi ya dakika 10 ni ya zamani.

Ah, nikasema, tuma UTC, imeisha. Haikuisha. Kuna wajanja ambao walichagua Kinshasa, wakaona saa haifanani na ya jirani, wakaisogeza mbele kwa mkono. Sasa ku ekrani ni sawa na ya Goma lakini ndani UTC yao imekimbia saa moja mbele, nukta zao zinatoka mu siku zijazo. Dawa ya kweli: usiamini saa ya simu kwa chochote. Pima umri wa nukta kwa elapsedRealtimeNanos, ile inahesabu tangu simu iwashwe na mtu hawezi kuisogeza, tuma ku serveri "nukta hii iko na sekunde 4", na serveri itumie saa yake yenyewe kutoa. Kama simu ilikaa bila rezo na inatuma nukta zilizojikusanya, umri unauhesabu dakika ile ya kutuma, si ile ya kuipata.

Za haraka haraka

Nukta iko Aljeria, jangwani: umegeuza latitudo na longitudo. GeoJSON, muundo wa kuandika data za ramani, inaanza na longitudo, maktaba nyingi za ramani zinaanza na latitudo. Nukta iko Ituri msituni: umepoteza alama ya kutoa, Goma ni -1.67 si 1.67, sisi tuko chini ya ikweta. Nukta iko baharini mu Ghuba ya Guinea: ni 0, 0, mtu ameweka sifuri pale palipokuwa null, tafuta huyo mtu, kwetu alikuwa mimi. Mshale unaangalia upande usio wake: dira ya simu inavurugwa na sumaku ya kile kishikio cha simu ku pikipiki, tumia mwelekeo wa mwendo badala ya dira. Motari yuko mara Goma mara Kinshasa mu dakika moja: aplikesheni ya kudanganya lokesheni, isMock inakuambia tangu Android 12, kabla ya hapo isFromMockProvider, ila usimfukuze mtu kabla ya kumuuliza, mmoja wetu aliyekuwa anajaribu programu alisahau kuizima.

Simu za kujaribia

Emuleta, ile simu ya bandia ndani ya kompyuta, inasaidia mpaka mahali. Ukitumia geo fix, amri yake ya kuweka nukta, ujue inataka longitudo kwanza, ukigeuza utafika Aljeria tena. Sisi tuko na boksi la karatasi lenye simu nne za zamani, tumezibandika plasta na kuandika kalamu. Ya kwanza: Kifaransa, Kinshasa, saa imesogezwa. Ya pili: takribani, data imezimwa. Ya tatu: kuokoa batri daima, na msafishaji wake yuko kazini. Ya nne: laini ya Rwanda. Hakuna apdeti inayotoka kabla ya mtu kubeba lile boksi kwa mguu toka bironi mpaka Entrée Président na kurudi, simu zote mfukoni, ekrani zimezimika.

Na yule wa Himbi, mpaka leo hajaweka "Exacte" na hataki. Tukamwekea kitufe kimoja kikubwa, "Niko hapa", anabonyeza akitaka kazi, nukta moja inatoka, basi. Wengine saba wameomba nao wawekewe.